Mondo iliyopakwa verni

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka 2024 tuliingia asubuhi moja katika kalasi ya sita, hapa Lubumbashi tunakofundisha, tukakuta wanafunzi wamesimama wote wanabishana. Habari ilikuwa imefika usiku kwa telefone: mausole ya Patrice Lumumba, kule Limete mjini Kinshasa, imevunjwa. Picha zilizokuwa zinapita mkono kwa mkono zilionyesha kioo cha mlango kimepasuka na sanduku limeharibiwa. Swali lilikuwa moja tu kinywani mwa kila mmoja.

– Mwalimu, na jino? Jino iko wapi?

Tuliwajibu kwamba wizara ya utamaduni imetangaza kuwa jino liko salama. Wakatulia kidogo, si sana.

Wasomaji wa kijitabu hiki wanajua historia ya jino lile, lakini tuikumbushe kwa maneno machache, juu vijana wengi wanaijua nusu-nusu. Tarehe 17 januari 1961, Lumumba pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa kwa risasi hapa hapa kwetu Katanga, pa Shilatembo, nje ya mji. Kisha Mbeleji mmoja wa polisi, Gérard Soete, alipewa kazi ya kufanya miili ile ipotee kabisa; aliikata na kuiyeyusha katika asidi, ili pasibaki kaburi wala mahali pa kulilia. Yeye mwenyewe akabakisha jino, akarudi nalo kwao kama vile mwindaji anavyobeba pembe. Mwaka 2016 sheria ya Ubeleji ililikamata mikononi mwa jamaa yake, na tarehe 20 juni 2022 likarudishwa kwa watoto wa Lumumba. Likazungushwa inchini: Sankuru alikozaliwa, Kisangani, Shilatembo, mji wetu, mpaka Kinshasa, na likalazwa pale Limete tarehe 30 juni. Siku lilipopita Lubumbashi tulikuwa barabarani na wanafunzi wetu. Jua lilikuwa kali, na mama mmoja muuza mandazi karibu yetu alivua kitambaa cha kichwa na kulia kwa sauti, sawasawa na mtu anayelilia mutoto wake wa juzi. Alikuwa na umri wetu au kidogo kupita. Mwaka 1961 alikuwa bado kuzaliwa.

Sasa asubuhi ile ya 2024, kijana mmoja wa nyuma, mwenye akili lakini mwenye haraka, alisema hivi:

– Batengeneze mbio-mbio, Mwalimu. Baweke kioo ingine, bapake rangi, juu bazungu bashituchekelee. Kesho hakuna mutu atajua.

Kalasi nzima ilikubali. Nasi tulifungua kinywa ili tukubali, kisha tukakifunga. Tulikumbuka mondo ya Bukama. Haya ni mambo ambayo hatujayaandika popote, na hata kuyasimulia tumeyasimulia mara mbili tatu tu, juu ndani yake sura yetu si nzuri.

Tulipomaliza ISP na kupata diploma, tulitumwa kufundisha Kifaransa na historia katika shule moja ya sekondari upande wa Bukama, si mbali na mto Lualaba. Hatutaitaja shule ile. Ilikuwa shule kama nyingi: bati linalovuja, madawati machache, walimu wanaongojea mshahara. Lakini ilikuwa na kitu ambacho shule zingine hazikuwa nacho. Chini ya baraza, mbele ya biro ya prefe, juu ya vigogo viwili, ililala mondo ya zamani. Watu wa ukoo wa chifu walikuwa wameitoa siku shule ilipofunguliwa, ili ipigwe kuwaita watoto. Wakati wetu haikuwa inapigwa kila siku tena. Kazi hiyo ilifanywa na rimu ya kamyo iliyotundikwa ku muembe. Mondo ilipigwa siku ya kufunga mwaka, na siku mwalimu au mwanafunzi amefariki.

Kwa wale waliozaliwa mjini na kudhani kila ngoma ni ngozi, tueleze kidogo. Mondo haina ngozi. Ni gogo moja zima, limechimbwa tumbo lote kupitia mwanya mwembamba ulio mgongoni. Fundi anaingiza chuma chake pale mwanyani na kula mti wa ndani kidogo-kidogo, bila kuona anachokula. Sikio ndilo linalomwongoza. Mwanya ule una midomo miwili. Mdomo mmoja anauacha mnene, wa pili anaupunguza, na juu ya tofauti hiyo mondo inapata sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini. Wazee wanaziita ya kike na ya kiume. Na kwa kuwa Kiluba, kama lugha nyingi za kwetu, ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti, sauti mbili zile zinatosha kusema. Mtu aliye ng'ambo ya bonde hasikii kelele tu, anasikia maneno: nani amekufa, nani anaitwa, saa gani. Mdomo mmoja ukiharibika, mondo bado inalia lakini haisemi tena.

Ikafika mwezi wa kumi na mbili 2010. Msomaji wa Katanga hahitaji kukumbushwa. Tarehe 14 TP Mazembe waliwapiga Internacional wa Brazil mabao 2 kwa sifuri, kule Abu Dhabi, wakaingia finale ya dunia. Timu ya Afrika haikuwahi kufika pale. Finale tulipigwa 3 kwa sifuri na Inter ya Milano, lakini nani alijali? Bukama nzima haikulala. Asubuhi yake tulipofika ku shule tulikuta mondo imeandikwa. Mtu alikuwa amepasha msumari mkubwa motoni na kuchoma ubavuni mwake herufi TPM, na chini yake 2010. Herufi zilikuwa kubwa kama kiganja. Zaidi ya hayo, alipokuwa anaigeuza apate nafasi ya kuandika, iliteleza kwenye vigogo na ufa wa urefu wa kidole ukafunguka kwenye mdomo mwembamba.

Mwenye kosa hakutafutwa mbali. Alikuwa mwanafunzi wetu wa kalasi ya ine, kijana mpole, hata daftari yake ilijaa herufi zile zile. Alikuja mwenyewe, akalia.

Mkutano wa walimu ulikaa mchana huo. Prefe alitaka kumfukuza. Wengine walisema alipishwe. Lakini jambo lililotusumbua zaidi wote, tuseme ukweli, halikuwa mtoto wala mondo. Lilikuwa haya. Watu wa chifu watasema nini? Inspekta akipita je? Ndipo sisi wenyewe, tuliokuwa na diploma mpya na maneno mengi, tulisimama na kutoa shauri: aitwe seremala, apige randa sehemu ile mpaka herufi ziishe, azibe ufa kwa gundi na unga wa mbao, kisha apake verni yote nzima ili rangi ilingane. Itakuwa nzuri kupita mbele, tulisema. Kila mmoja alitusifu. Tulichanga feza siku ile ile, na feza ya kopo la verni ilitoka mfukoni mwetu, jambo tulilojivunia.

Seremala alikuwa mtu wa kazi. Alipiga randa ubavu wote, kwa sababu kupiga pale penye herufi tu kungeacha shimo. Alisawazisha na midomo, juu ule wenye ufa ulikuwa umesimama kidogo kuliko wa pili. Akaziba, akapiga msasa, akapaka verni mara mbili. Siku ya tatu mondo iling'aa kama kabati ya bibi-arusi. Tulikuja kuitazama mmoja mmoja, tukampa mkono.

Kabla ya vakansi ya Noeli alifika mzee mmoja wa ukoo ule. Alikuwa ndiye mtu wa mwisho wa pale aliyejua kuisemesha mondo vizuri, na watoto walimwita nkambo. Tulimsalimu kwa kupiga mikono kama ilivyo desturi, tukampa kiti. Hakukaa. Aliizunguka mara moja. Akaipapasa ubavuni kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayetafuta kovu la ndugu yake na halioni. Kisha akachukua fimbo mbili, akapiga mdomo wa kwanza, akapiga wa pili. Sauti ilikuwa moja. Akapiga tena. Moja.

Tulianza kueleza: mtoto, Mazembe, msumari. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiluba, na maana yake ilikuwa hivi:

– Mtoto aliandika juu yake. Ninyi mumeifuta.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lilituumiza. Baadaye, tulipokuwa tumekaa naye chini ya muembe, alitusomea kitu tulichokitupa bila kukisoma. Alama za shoka dogo zilizokuwa ubavuni, ambazo sisi tuliona ni ukwaruzo, zilikuwa mkono wa babu yake. Kila fundi ana namna yake ya kupiga, na mwenye kujua anamtambua. Weusi ule tuliouita uchafu ulikuwa moshi, juu miaka ya kwanza ilikaa ndani ya nyumba yenye moto ili wadudu wasiile. Mahali palipochakaa karibu na mdomo palikuwa ni pa mkono wa wapigaji, wanne mmoja nyuma ya mwingine, na aliwataja majina. Na mdomo mwembamba, ambao seremala aliulinganisha na mwenzake ili upendeze macho, ndio uliokuwa sauti ya kike. Ule ufa wa kidole je? Alicheka kidogo. Ufa kama ule ungefungwa kwa ngozi mbichi; ngozi ikikauka inakaza, na siku ukitaka unaikata na kuitoa. Mondo ingekuwa na sauti ya kukwaruza kidogo, lakini ingesema.

Mtoto alikuwa amechoma herufi tatu na namba ine. Sisi, watu wa masomo, tukiwa na nia njema na feza yetu, tuliondoa fundi, moshi, wapigaji wane na lugha. Tangu siku ile, kila tukisikia kitu cha wazee kimeharibiwa, woga wetu wa kwanza si kwa aliyeharibu. Tunaogopa watu watakaokuja kesho yake na randa.

Ni kweli inchi yetu ina vidonda vikubwa kuliko mondo moja ya shule, na si vyote vya mkono mmoja. Mnajua kwamba kati ya 1976 na 1982 jumba la Tervuren lilirudisha vitu 114 Kinshasa, katika Institut ya makumbusho ya taifa iliyoundwa mwaka 1970. Mobutu alikuwa amedai jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1973. Kisha ikaja 1997, utawala ukaanguka, na makumbusho ikaporwa. Vingine kati ya vitu vilivyokuwa vimerudi vikaondoka tena, safari hii bila barua. Wazungu wengine wamelitumia jambo hilo mpaka leo kusema hatujui kulinda. Sisi tulikuwa na miaka kumi katika pillage za 1991 hapa Lubumbashi, tukaona dawati la shule yetu linapita barabarani juu ya kichwa cha jirani. Jirani yule hakuwa adui wa masomo. Ilikuwa miezi mingi hajalipwa, na mlango ulikuwa wazi. Mlinzi wa makumbusho asiyepata mshahara wake ni mlango wazi vile vile, hata ukimpa kufuli tatu. Hilo wahifadhi wanalijua, na wenye kuwalipa wanalijua zaidi.

Kuna na uharibifu wa hasira. Sanamu ya Stanley iliyokuwa Mont Ngaliema ilishushwa mwaka 1971, wakati wa authenticité, na miguu yake ikakatika kwenye vifundo. Ya Léopold II ilishushwa pia miaka ile. Mwezi wa pili 2005 serkali ikaisimamisha tena katikati ya Kinshasa, na baada ya saa chache ikaiondoa, juu watu hawakuelewa kwa nini mtu yule arudi kuwatazama. Wengine wanasema Stanley aunganishwe miguu. Sisi, kama tungeulizwa, tungesema hapana. Shaba isiyo na miguu inafundisha mambo mawili kwa pamoja: waliomsimamisha na waliomshusha. Ukimuunganisha vizuri, umefuta la pili, nalo ndilo letu.

Ndipo tunarudi Limete, na kwa kijana wetu wa “kesho hakuna mutu atajua”. Tulimuuliza: jino lile lenyewe ni nini? Akafikiri. Ni kipande cha uharibifu. Waliomuua Lumumba walitaka kufuta, walifuta karibu yote, na jino linatusemesha kwa sababu ndilo lililopona katika kufutwa kule. Sasa nyumba ya kitu kama hicho ikivunjwa, na sisi tukaweka kioo kipya usiku na kunyamaza, tumefanya kazi ya nani?

Hatukumwambia mausole iachwe imevunjika. Paa linalovuja linazibwa, kioo kinachoweza kumkata mtoto kinaondolewa siku hiyo hiyo. Lakini kabla ya fagio kungekuwa picha, za karibu na za mbali, na kipimo pembeni yake. Vipande vingeokotwa na kuandikwa kila kimoja kimetoka wapi, visiende jalalani. Polisi wanavihitaji, kwani sheria ya 15 machi 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni haikuandikwa kwa mapambo. Lakini na wajukuu wetu watavihitaji. Kipande cha sanduku kikitengenezwa, kitengenezwe kwa namna inayoweza kufunguliwa tena, kama ngozi mbichi ya nkambo, na mtu akisogea karibu aone mshono. Wahifadhi wenye elimu yao wana majina marefu kwa mambo hayo. Sisi tuliyasikia kwanza kwa Kiluba, chini ya muembe, tumechelewa.

Kisha wawaite wenyewe. Timbuktu, mwaka 2012, watu wenye silaha walivunja makaburi ya watakatifu wa mji ule kwa majembe na sululu. Makaburi yale ni ya udongo, na kwa desturi yanapakwa udongo upya na mafundi wa mji, koo zinazorithishana kazi hiyo. Ilipofika wakati wa kujenga tena, mwaka 2014 na 2015, UNESCO na serkali ya Mali waliwaweka mafundi wale mbele. Ndio waliosema udongo gani, majani gani ya kuchanganya, mkono unapita vipi. Makaburi 14 yalisimama. Hata mmoja wa wakubwa wa uharibifu ule alihukumiwa La Haye mwaka 2016, miaka tisa, naye akaomba msamaha mbele ya wote. Kesi ilisaidia. Lakini kama kesi ingekuja peke yake na wajenzi wangetoka mbali na simenti, tunadhani watu wa Timbuktu wangekuwa na kuta tu, safi, kama kabati yetu.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo linatufikirisha sana juu ya Limete. Waluba wa zamani, mfalme akifariki, makao yake hayakufungwa kwa kufuli. Yaligeuka kitenta, na mwanamke mmoja aitwaye mwadi aliishi pale; roho ya mfalme ilikuwa ndani yake, na masalio ya mfalme yalikuwa chini ya ulinzi wake. Watu walimpelekea zawadi, wafalme waliofuata walikuja kumtaka shauri. Lumumba alikuwa Mtetela, hatutaki kumvalisha desturi isiyo yake, na wala hatusemi wizara imtafute mwadi. Tunasema tu kwamba wazee walipotaka kitu kisiguswe, walikiweka karibu na mtu, tena mtu mwenye majirani, mwenye moto jikoni, ambaye kila siku alikuwa na sababu ya kuamka mahali pale. Sisi tumeweka shaba na kioo katikati ya barabara kubwa, magari yanazunguka pande zote. Nani pale Limete anaamka asubuhi akiwa na kazi na jino lile? Wauza maji waliopo wangeweza kuwa wa kwanza kuona mgeni wa usiku, kama mtu angewahi kuwauliza.

Tulipofika hapo kengele ililia, na sura ya kijana ilionyesha kwamba hajashawishika. Aliuliza jambo moja, lile ambalo tulikuwa tunaliepuka.

– Na ule mutoto wa mondo, balimufukuza?

Hapana. Mzee ndiye aliyekataa. Alimwomba prefe ampe mtoto kwa vakansi nzima. Walikwenda pamoja kutafuta mulombwa, wakakata, na mtoto akaanza kuchimba. Alirudi mwezi wa kwanza mikono imejaa malengelenge, kazi haijafika nusu, kwani mti mbichi hauharakishwi. Akaendelea kila jumamosi. Kipindi chote hicho mzee hakumsemesha juu ya Mazembe hata mara moja, isipokuwa siku moja alimuuliza kama kweli Kidiaba alikuwa anashangilia kwa kurukaruka chini juu ya matako, na kijana akainuka akamwonyesha.

Sisi mzee hakutupa adhabu yoyote. Tuliomba tusaidie, akasema kwa adabu kwamba mwalimu ana madaftari ya kusahihisha.

Tulipita Bukama tena mwaka 2019, kwa treni, katika safari ya kilio. Nkambo alikuwa ameshafariki. Mondo mpya iko chini ya baraza, nyekundu-nyeusi, na inasema. Siku ya maziko yake aliipiga kijana yule yule, tuliambiwa. Ile ya zamani wameisukuma ukutani. Verni imekatika na kuanguka vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Tulichuchumaa kuitazama, mwalimu mmoja kijana akatuuliza kama tunatafuta kitu. Tulisema hapana. Tuliingiza mkono chini ya tumbo lake, pale inapoegemea kigogo, ambapo randa ya seremala haikuweza kufika, na kidole kikakuta alama za shoka, mbili tatu, na mbele kidogo mkia wa namba moja, labda sifuri ya mwisho, ambao kijana aliuchoma ukashuka kupita alivyotaka.